Marehemu Wawili na Mkate Mmoja

Marehemu alipofungua kinywa, neno lake la kwanza halikuwa "mke wangu", wala halikuwa "nisamehe".

"Mkate umekwisha," alisema.

Na sinia aliyoibeba begani ilikuwa imejaa mikate, mingine bado inafuka moshi.

Ndiyo, wasomaji. Mlango ule wa nyuma ya duka tuliouacha ukilia bawaba Jumamosi iliyopita ulifunguka, na aliyetokea hakuwa mzimu. Alikuwa Gumba mwenyewe, mwokaji wa zamani wa meli, mume wa Mama Jiko, aliyemezwa na bahari miaka minne iliyopita. Na bahari ilikuwa imemlea vizuri, maana alikuwa amenenepa.

Kwa aliyefungiwa maandazi na gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, habari ni fupi. Mama Jiko ni mpishi wa meli ya abiria na mizigo inayoambaa pwani nzima, bandari hadi bandari. Gunia la unga liliingiwa na maji ya chumvi, abiria wakaanza kununa, naye akashuka kwenye bandari hii ndogo kutafuta mkate. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulikanyaga gati hili, ingawa meli husimama hapa kila safari. Dukani akainua mkate, akauona una mikato mitatu mgongoni, na wa tatu umepinda kama mkia wa panya.

Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyekata mkate hivyo. Kidole gumba chake cha kulia kilibanwa na mashine ya kukandia unga, hakikukunjika tena, na jina lake la utani likatokea hapo.

Sasa marehemu na mjane wakatazamana.

"Baba Pipi," akaita yule mwanamke kijana aliyekuwa akiuza, "umeganda nini? Mteja anataka mkate."

"Simjui huyu mama," Gumba akasema upesi.

"Hakuna aliyekuuliza kama unanijua," Mama Jiko akajibu.

Sinia ikainama upande. Mkate mmoja ukadondoka, ukabingirika hadi mlangoni, ambako kitoto cha kike kilikuwa kimekaa kizingitini, miguu mitupu, nywele zimesukwa upya, kinatazama barabara ya gatini. Kikauokota mkate, kikaupuliza vumbi, kikaung'ata.

"Viatu vyangu vinakuja leo," kikamwambia Mama Jiko, kana kwamba ndilo jambo lililomleta pale.

Mama Jiko hakukisikia.

"Mama," yule muuzaji akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na miiba, "wewe ni nani kwa mume wangu?"

"Mume wako?" Mama Jiko akacheka kicheko kikavu. "Basi tuko wawili. Mimi ni mke wake."

Muuzaji akavuta pumzi ndefu. Halafu, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa wa akili, akasema, "Pole sana, dada yangu. Umefananisha. Mke wa mume wangu alikufa kabla sijaolewa. Mimi nimemkuta mjane."

Tanuri kule nyuma likasikika likipasua kuni.

"Nilikufa?" Mama Jiko akauliza.

Gumba akaweka sinia juu ya meza taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Nisaidie, mdogo wangu," Mama Jiko akaendelea, "mwenyewe sikuwa na habari. Nilikufa kwa nini?"

Yule kijana akamtazama mumewe. Akamtazama mgeni.

"Alisema... kwa kuhara."

Jamani! Mtu anaweza kusamehe kuachwa. Anaweza, akijikaza, kusamehe hata kufishwa. Lakini kuna vifo na vifo.

"Kuhara!" Mama Jiko akapiga meza, mikate ikaruka. "Mimi nyumbani nimewaambia watu ulikufa kiume! Dhoruba, wimbi kama ghorofa, wewe unamrushia mwenzio kamba! Ndivyo alivyoniambia nahodha, nami nimelisimulia hilo mpaka watoto wa mtaani wanaliigiza! Na wewe, mwanaizaya, katika magonjwa yote ya dunia, hukunichagulia hata homa ya heshima?"

"Mke wangu, tuongee nje..."

"Yupi?" wanawake wote wawili wakauliza kwa pamoja.

Gumba akafunga kinywa. Angekifunga mapema zaidi angetuokolea hadithi nzima.

"Kila safari," Mama Jiko akasema, sauti imeshuka, na iliposhuka ilitisha zaidi, "kila tukivuka pale mahali nilipoambiwa ulizama, mimi husimama nyuma ya meli nikatupa kipande cha mkate majini. Kwa ajili yako. Nililia hata samaki wakaanza kunizoea. Miaka minne nalisha samaki, Gumba. Na wewe uko hapa unauza mikate!"

"Si mimi," Gumba akanong'ona. "Ni baba yake."

"Baba yangu ana nini?" muuzaji akaruka.

"Baba yake nani?" Mama Jiko akauliza.

Jibu halikuhitajika. Juu ya rafu ya sukari ilining'inia picha: mzee mwenye kofia nyeupe na mabega ya dhahabu, amempakata Pipi, kile kitoto cha kizingitini, anacheka. Mama Jiko aliijua kofia ile. Ndiye aliyeifua kila ilipomwagikiwa mchuzi.

Nahodha! Yule yule aliyekuja msibani akiwa amevua kofia, akamshika mkono na kumwambia, "Shemeji, meli yetu ina deni la fadhila kwako. Njoo uwe mpishi wetu, uwe karibu na mwenzio." Naye akaenda, akiona amepata baba. Kumbe mwizi akikuajiri umlindie nyumba, ujue ng'ombe aliyefungwa zizini ni wako.

Hapo Mama Jiko akaamua.

Ngoja niwaambieni alichotaka, maana wengi mtadhani alimtaka mume. Mume gani? Huyo aliyeogopa mteja? Hapana. Jambo lake lilikuwa moja. Melini, katika chumba cha juu chenye dirisha, alikuwa amelala mama yake Gumba, mavyaa wake. Mama huyo husafiri na meli mara kwa mara, akisema anakwenda kumwangalia dada yake mgonjwa mwisho wa safari. Asubuhi hii bahari ilimchafua, akalala. Mama Jiko ndiye aliyempelekea chai, ndiye aliyempandishia hata furushi lake, na shukrani yake ikawa, "Taratibu! Umezoea kuvunja vya watu."

Siku ya msiba mama huyo alisimama mbele ya mtaa mzima akanyoosha kidole. "Huyu ndiye aliyemtuma mwanangu baharini. Hakunipa hata mjukuu wa kumpakata, na mwana mwenyewe akanimalizia."

Na ubaya wa maneno yale ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli. Mama Jiko ndiye aliyemwambia mumewe akubali kazi ya meli. "Nenda," alimwambia, "mwanamume hakai nyumbani akipunga nzi." Sentensi hiyo ilimlaza macho miaka minne. Mtaani walimwita mla mume. Hata yeye mwenyewe, akiwa peke yake na sufuria zake, alijiita hivyo.

Leo alitaka mavyaa amwone mwanawe kwa macho yake, kisha aseme mbele ya watu neno moja: Hukumuua.

Basi akazunguka meza, akamshika Gumba kwa kamba za aproni zilizofungwa nyuma ya kiuno, akazizungusha mkononi mara mbili.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama yako. Melini."

Gumba akageuka rangi ya unga wake. "Hapana! Nakuomba, nifanye lolote, nipige, ila mama usimwite. Mwache mama!"

"Umechelewa kumhurumia," Mama Jiko akasema, akamvuta.

Waliomwona Gumba akipita barabarani siku ile wanasema alikwenda kinyumenyume, kama kaa. Njia kutoka dukani hadi gatini ni fupi, lakini ni pana kwa umbea. Kinyozi akatoka na mteja wake, kichwa kimenyolewa upande. Muuza nyavu akaacha nyavu. Wapagazi wakatua magunia.

"Mwokaji! Leo umeuzwa jumla au rejareja?" mmoja akapiga kelele.

"Mama, ukimaliza naye tuachie aproni!"

Mama Jiko hakugeuka. Nyuma yake yule muuzaji, Mama Pipi, alikuja mbio, mtoto mkono mmoja, na unga bado mkono wa pili. Hakuwa akilia. Alikuwa akiuliza, swali lile lile, tena na tena, kama mtu anayegonga mlango.

"Baba alijua? Baba Pipi, nijibu. Baba alijua huyu yu hai?"

Gumba akaangalia tu miguu yake isijikwae.

Chini ya ngazi ya meli walimkuta mkuu wa mabaharia, yule wanayemwita Ndevu, akivuta sigara. Akawaona. Sigara ikamdondoka.

Na hapa ndipo hasira ya Mama Jiko ilipopata kuni mpya. Kwa maana Ndevu hakushangaa kumwona maiti. Alishangaa kumwona mpishi.

"Mama Jiko," akasema kwa kigugumizi, "umeshukaje? Si... si nahodha alikupa maharage uchambue?"

Maharage!

Mama Jiko akasimama. Akilini mwake gunia likafunguka, yakamwagika yote. Kila meli ilipofika bandari hii, na bandari hii tu, nahodha alimletea gunia la maharage. "Yana mawe, shemeji, abiria watavunjika meno. Chambua leo leo." Kama si maharage, ni stoo ya kusugua. Kama si stoo, ni sufuria za kung'arishwa, eti mkaguzi anakuja. Mkaguzi hakuja hata siku moja. Naye, mjinga wa Mungu, alikuwa akiinamia maharage yake huku mumewe akiuza mkate umbali wa sauti ya jogoo, na mawe yenyewe, sasa alikumbuka, siku zote yalikuwa kokoto nyeupe za aina moja. Mtu aliyatia.

"Ndevu," akasema. "Ulijua."

Ndevu akavitazama viatu vyake kwa hamu kubwa.

Mama Jiko akainua macho. Mabaharia walikuwa wamejipanga ukingoni mwa sitaha. Mwendesha winchi. Mpaka rangi. Yule fundi wa mitambo ambaye Mama Jiko alimpikia supu ya peke yake mwezi mzima alipougua tumbo. Kila alipomtazama mmoja, akapata jambo la kufanya na vifungo vya shati.

"Nyote?" akauliza. "Nyote mliokuwa mkija dirishani kwangu na sahani, 'Mama Jiko, niongeze ukoko'? Mlikula ukoko wangu, mkaja hapa mkala mkate wake, mkarudi mkaniuliza mbona macho mekundu?"

"Mambo ya melini hubaki melini, mama," Ndevu akanong'ona. "Ndiyo desturi ya kazi."

"Na mimi nilikuwa wapi, kwenye punda?"

Paaaaaa! Honi ya meli ikalia juu ya vichwa vyao.

Nahodha alikuwa ametoka kwenye chumba cha usukani, kofia nyeupe kichwani. Aliwaona wote watatu kwa pamoja: mpishi, mwokaji, na binti yake. Uso wake haukubadilika. Wazee wa bahari ni hodari wa hilo. Mkono tu ndio uliokishika chuma cha ukingo kama anayeogopa kuanguka.

"Mama Jiko, panda!" akaita. "Maji yanapwa. Tusipoondoka sasa tunakalia tope mpaka bahari irudi. Mambo ya nyumbani tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, nahodha?"

"Ndevu! Fungua kamba!"

Sasa, msomaji ambaye hajawahi kuona gati, sikiliza. Meli hii ilifungwa kwa kamba mbili nene kama paja, moja mbele na moja nyuma, na kila kamba ilikuwa na kitanzi kilichovikwa kwenye kisiki cha chuma pembeni mwa gati. Ukitaka kuondoka, huna budi uende kwenye kisiki ukivue kitanzi. Kazi ya dakika. Mtoto angeiweza, mradi juu ya kisiki hakuna kitu.

Mama Jiko aliachia kamba za aproni. Akatembea hadi kisiki cha mbele. Akageuka, akakusanya gauni lake, akakaa juu yake.

Na Mama Jiko, tuseme ukweli, si mwembamba. Ana mwili wa mpishi anayeonja kwa uaminifu. Kisiki kilipotea. Kitanzi kikapotea. Ilionekana kana kwamba meli nzima imefungwa kwenye mama mmoja.

Wapagazi wakashangilia.

"Meli haiondoki," akasema.

"Mtoeni!" nahodha akanguruma.

Mabaharia wawili wakashuka ngazi, wakamkaribia, wakasimama. Mmoja akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Niguse," Mama Jiko akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Niguse, mwanangu, halafu kesho ule chakula nilichopika nikiwa nimekasirika."

Mkono ukaingia mfukoni.

"Basi fungua ya nyuma!" nahodha akapiga kelele, na sasa sauti ilikuwa imepasuka kidogo. "Tutaivuta ya mbele kwa nguvu ya injini! Ya nyuma, haraka!"

Ndevu akakimbia kuelekea kisiki cha nyuma. Alikuwa mwepesi. Lakini mtu mwingine alikuwa mwepesi zaidi. Mama Pipi alimweka mtoto juu ya gunia, akampita Ndevu kama upepo, akafika, akakaa.

Nahodha akainama juu ya ukingo.

"Binti yangu," nahodha akasema. "Inuka hapo."

"Baba, swali moja." Alikuwa mweupe kwa unga na kwa hasira. "Siku uliponiletea huyu nyumbani aje anioe, ukaniambia ni mjane, ana huzuni, nimtunze. Mkewe alikuwa amekufa au alikuwa hai?"

"Si mahali pa kuzungumza haya."

"Hai au amekufa, baba? Neno moja tu."

Abiria walikuwa wameegemea ukingo, wengine na sahani mikononi. "Sema, mzee, tuondoke!" mmoja akaita. "Mimi nina samaki wa barafu huku!"

Nahodha akavua kofia. Kwa mara ya kwanza watu wakaona kwamba kichwa kile hakina nywele.

"Ulikuwa na mimba," akasema. "Mimba ya mwanamume wa watu. Ningefanya nini? Nikuache uwe kichekesho cha bandari nzima? Nilimwambia huyu achague: afe majini aishi hapa nawe, au nimkamate shati nimtie majini kweli. Alichagua upesi sana."

"Kwa hiyo ukanifanya mimi kichekesho cha bahari nzima," Mama Jiko akasema. "Mabinti wana bei tofauti, sivyo? Wako aolewe, wa mwenzio azikwe kwa kuhara."

"Nilikupa kazi!"

"Ulinipa maharage!"

Kicheko kikalipuka kwa wapagazi, kikafa chenyewe, maana uso wa Mama Jiko haukuwa wa kuchekwa. Machozi yalikuwa yanashuka na hakujisumbua kuyafuta.

"Mimba?" Mama Pipi alikuwa akimwambia mumewe kutoka upande wa pili wa gati, polepole, kila neno likitua kama jiwe. "Nilipoipata mimba uliniapia huna mke. Baba alipokuja akanithibitishia. Mlinikalisha katikati kama mjinga. Nimekuwa nikimwombea marehemu huyu kila jioni! Nimemwambia Mungu amlaze pema, na yeye anachambua maharage!"

"Asante kwa dua, mdogo wangu," Mama Jiko akaita.

"Karibu, dada."

Gumba alisimama katikati ya visiki viwili, aproni imelegea. Kushoto mke, kulia mke. Mbele baba mkwe, nyuma wapagazi. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Ya huyu iliishia gatini.

Chini ya meli, maji yalikuwa yameacha alama nyeusi kwenye nguzo za gati. Yalikuwa yanashuka. Injini ikanguruma, ikakohoa tope.

"Unataka nini?" nahodha akauliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya mzee wa kawaida. "Niambie unachotaka, shemeji, uinuke."

"Usiniite shemeji. Nataka mtu mmoja. Aletwe yule mama aliyelala chumba cha juu."

Hapo mambo mawili yakatokea kwa pamoja, na Mama Jiko, kwa hasira yake, hakuyaona yote mawili.

La kwanza, Gumba alipiga magoti. "Usimlete!" akalia. "Nahodha, usimlete! Nitasema mwenyewe, nitasema yote, ila mama abaki juu!"

La pili, kule nyuma Mama Pipi alinyoosha mkono kama mwanafunzi darasani, macho yamemtoka. "Dada! Ngoja kwanza. Huyo mama unayemtaka, si ndiye..."

Paaaaaaaa!

Honi ikayameza maneno yake. Nahodha ndiye aliyeivuta, na aliivuta kwa muda mrefu kuliko inavyovutwa honi na mtu mwenye dhamiri safi. Ilipokoma, masikio ya watu yalikuwa yanalia kama nyenje.

Lakini honi ile, iliyopigwa kumziba mmoja, ilimwamsha mwingine. Mlango wa chumba cha juu ukafunguka.

Mavyaa akatoka.

Alikuwa amevaa nguo nyeusi kama kawaida yake. Miaka minne hakuwa amevaa rangi nyingine, na kila aliyemwona mtaani alimwonea huruma na kumtazama mkwewe kwa jicho la pembeni. Furushi lake lilikuwa kifuani. Alishuka ngazi akiangalia anapokanyaga, mkono mmoja kwenye kamba ya ngazi, usingizi bado machoni, na watu wakamwachia njia.

Mama Jiko akajiweka sawa juu ya kisiki. Hii ndiyo ilikuwa dakika yake. Alikuwa ameiota bila kujua anaiota. Akanyoosha mkono, akauelekeza kwa yule mwanamume aliyepiga magoti.

"Mama!" akaita, na gati zima likasikia. "Inua macho, mama yangu. Uliniita mla mume. Uliniita muuaji mbele ya watu, nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilidhani ni kweli. Basi tazama! Mwanao huyo hapo. Hai! Hakuna aliyemuua. Tazama, halafu niambie neno moja tu!"

Mavyaa akafika chini ya ngazi. Akainua macho. Akamwona mwanawe kwenye magoti, amejaa unga.

Hakupiga yowe. Hakuzimia. Hakumkimbilia.

Akasema kwa kuudhika, kama mama aliyekuta vyombo havijaoshwa, "Wewe, umepiga magoti mbele ya watu kwa nini?"

Na kabla mtu hajapumua, Pipi akateleza kutoka juu ya gunia. Kikakimbia, kile kitoto, miguu mitupu ikipiga mbao za gati. Kikampita baba yake. Hakikumtazama hata babu yake, aliyekuwa akishuka ngazi bila kofia. Kikaenda kujitupa kwenye lile gauni jeusi la msiba na kulikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Bibi! Bibi umekuja! Viatu vyangu viko wapi?"

Uso wa mavyaa ukafunguka. Miaka yote ya ndoa yake Mama Jiko hakuwahi kuuona ukitabasamu hivyo. Mama mzee akachutama, akafungua furushi, na humo, vimefungwa vizuri kwa kitambaa, mkaonekana viatu viwili vidogo vyekundu.

"Nilikuahidi safari hii vyekundu, au sikukuahidi?" akamwambia mjukuu wake.

Kisha akainua kichwa, na ndipo, kwa mara ya kwanza, akaona ni nani aliyekuwa amekaa juu ya kisiki cha chuma. Tabasamu halikupata nafasi ya kukimbia. Lilibaki pale pale usoni, kama mwizi aliyemulikwa.

Hakuna aliyecheka sasa. Hata wapagazi walivua kofia zao, bila kujua kwa nini.

"Mama," Mama Jiko akasema taratibu kabisa. "Furushi hilo nilikubebea mimi."

Akainuka. Kisiki kikabaki kitupu, kitanzi kiko wazi, maji yanashuka, na katika mabaharia wote wa meli ile hakuna aliyethubutu kuigusa kamba.